Uzi: Kusomea mwenyewe mtihani wa kimataifa wa benki ya damu ukiwa Dodoma, watu wanakwama wapi?

#1 Mpimaji_Nkuhungu
Wakuu, habari za majukumu. Niko Dodoma mjini, kazi yangu maabara, upande wa damu. Digrii ninayo, leseni ya Baraza la maabara iko hai. Nimetia nia ya kufanya mtihani wa benki ya damu wa ASCP, chama cha Marekani cha patholojia na maabara, ule wa kimataifa. Darasa la kuhudhuria sina, kwa hiyo nasoma mwenyewe nikitoka zamu.

Kinachonitia wasiwasi ni hiki. Watu ninaowafahamu waliosoma peke yao, wengi wameishia 370 na kitu au 380 na kitu, na alama ya kufaulu ni 400. Wala si wavivu. Mmoja wao ndiye tunayempigia simu usiku kundi la damu likigoma kusomeka. Sasa mtu wa aina hiyo anakwama wapi? Waliopita na waliokwama, naomba mfunguke.

#2 Fundi_Tyubu
Mkuu, shida ni vifaa, usitafute mchawi. Mtihani unakuwekea paneli ya seli 11, yaani jedwali la seli ambazo antijeni zake (alama za juu ya seli) zinajulikana, pamoja na majibu ya damu ya mgonjwa, halafu unaambiwa utaje kingamwili inayoshambulia antijeni ipi. Wewe kazini unafanya nini? Kundi kwa kigae au tyubu, krosimachi (kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mfuko), mfuko unatoka. Hospitali nyingi za wilaya hata skrini ya kingamwili, ya kuona kama ipo yoyote, hazifanyi, paneli ndiyo usiseme. Utamtambuaje anti-Jka, yaani kingamwili dhidi ya antijeni Jka, kwenye karatasi wakati hujawahi kukutana naye kwenye tyubu?

#3 Mama_Plazma
Fundi, hapo sikubaliani na wewe mwanangu. Mimi nilipita na paneli nilikuwa naiona kwenye karatasi tu. Nilinunua kaunta buku, nikachora paneli zangu kwa rula na penseli: kushoto namba za seli, juu antijeni, D, C, E, c, e, K, Fya, Fyb, Jka, Jkb, M, N, S, s, na mwisho wa mstari majibu. Kazi inaanzia kwenye seli ambazo HAZIKUJIBU. Unapita juu yake na penseli, unakata kila antijeni ambayo seli hiyo inayo kwa dozi mbili, yaani imerithiwa kwa baba na kwa mama. Seli ikiwa Jk(a+b+), yaani Jka dozi moja na Jkb dozi moja, haina ruhusa ya kumkata Jka, kwa sababu kingamwili dhaifu inaweza kuruka seli ya dozi moja. K pekee ndiyo wengi wanakubali kuikata kwa dozi moja, maana seli yenye K dozi mbili ni adimu.

Ukimaliza kukata, waliobaki ni washukiwa. Hapo unadai ushahidi: seli 3 zenye antijeni zijibu, seli 3 zisizokuwa nayo zisijibu. Usipozipata unaongeza seli nyingine. Mkono ukizoea penseli hiyo, kwenye kompyuta jicho linafanya lenyewe.

#4 Fundi_Tyubu
Shikamoo Mama. Nimekusoma, ila wewe ulikuwa na utulivu wa kuchora. Sisi vijana wa zamu tatu utulivu huo tunaupata saa ngapi?

#5 Mama_Plazma
Marahaba. Saa zile unazobishana mambo ya Simba na Yanga humu jukwaani, Fundi. Nakuona kila siku.

#6 Binti_wa_Kondoa
Umepatikana Fundi 😂

Kwangu mimi tatizo ni lugha. Maswali ni 100 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kila swali. Swali lenyewe lina historia ya mgonjwa, jedwali la kundi, halafu majibu manne yanayofanana. Sisi tulisoma shule ya msingi Kiswahili, Kiingereza tumekikuta sekondari. Ukisoma swali mara mbili, dakika imekwisha. Mwenzangu hapa Kondoa alikuwa anajibu sawasawa nikimuuliza kwa Kiswahili, lakini lile neno dogo la "isipokuwa" kwenye swali la Kiingereza lilikuwa linampita.

#7 Tekinolojisti_Singida
Lugha ni sehemu, sawa. Ila mnasahau kwamba mtihani ni wa Kimarekani na unauliza taratibu za Kimarekani. Kwetu mwanaume anachangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Kwao damu nzima ni siku 56 kwa wote. Sisi tumezoea himoglobini 12.5 kwa kila mchangiaji, wao mwanaume ni 13.0. Friji sisi tunaandika 2 hadi 6, wao seli nyekundu ni 1 hadi 6, na kwenye kusafirisha 1 hadi 10. Mtu mwenye miaka kumi kazini anajibu kwa uzoefu wake wa hapa na anakosa. Anayejua kazi vizuri ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mkono wake umeshazoea utaratibu mwingine.

#8 Mpimaji_Nkuhungu
Hii ya #7 imenigusa kweli. Jamaa yangu niliyemtaja ni mtu wa kanuni za hapa neno kwa neno.

#9 Daktari_wa_Sampuli
Niongezee kwenye hoja ya Tekinolojisti. Si taratibu peke yake, hata wingi wa antijeni kwenye watu. Chukueni swali hili la kawaida kabisa: mgonjwa ana anti-c na anti-Jka, anahitaji mifuko 2, utapima mifuko mingapi kuipata?

Ukitumia takwimu za Wazungu: wasio na c ni asilimia 20, wasio na Jka ni asilimia 23. 0.20 × 0.23 = 0.046. Gawanya 2 kwa 0.046, unapata 43.5, yaani mifuko 44.

Sasa tumia takwimu za Wamarekani Weusi: wasio na c ni asilimia 4, wasio na Jka asilimia 8. 0.04 × 0.08 = 0.0032. Gawanya 2 kwa hiyo, unapata mifuko 625.

Mgonjwa ni yuleyule na kingamwili ni zilezile, ila umetoka 44 ukaenda 625. Ukisoma swali bila kuangalia limesema wachangiaji ni akina nani, umekwisha. Na ukishaelewa hesabu hii unaona pia kwa nini mgonjwa wetu wa selimundu anayeongezewa mara kwa mara anaweza kufika mahali damu inayomfaa haipatikani mkoa mzima.

#10 Fundi_Tyubu
Mifuko 625!! Aisee, hiyo ni damu ya kanda nzima.

#11 Kijana_wa_UDOM
Shule nzito hii, asante Daktari. Hapohapo kuna Duffy, kundi la antijeni Fya na Fyb. Wamarekani Weusi karibu asilimia 68 ni Fy(a-b-), yaani hawana zote mbili, na sehemu kubwa ya Afrika huku kwetu ni karibu watu wote. Ndiyo maana hatuugui malaria ya vivax, kwa sababu yule mdudu anaingilia kwenye mlango wa Duffy. Hata waliopata hadi 500 swali hili linawachanganya.

#12 Daktari_wa_Sampuli
Kijana, umekaribia, ila rekebisha hapo mwisho. Vivax anatumia Duffy kuingia kwenye seli nyekundu, hilo ni sahihi na mtihani unalitaka. Lakini kusema "hatuugui" ni kupitiliza, maana maambukizi ya vivax yamepatikana hata kwa watu wasio na Duffy. Sema tuna kinga kubwa.

Na swali linalofuata huwa hili: kwa nini mtu wa Fy(a-b-) mwenye asili ya Kiafrika hatengenezi anti-Fyb kirahisi? Kwa sababu jeni la FYB analo. Mabadiliko yapo kwenye sehemu ya GATA inayowasha jeni hilo kwenye seli nyekundu. Kwenye viungo vingine Fyb ipo, kwa hiyo mwili unaifahamu.

#13 Kijana_wa_UDOM
Nimepokea mkuu.

#14 Mzee_wa_Mpwapwa
Vijana, mmezungumza mengi mazuri ila kuna jambo mnalizunguka. Wengi wanaokwama walisoma MASWALI, hawakusoma damu. Kuna mafaili yanauzwa kwenye makundi ya WhatsApp, "maswali yaliyotoka". Mtu anakariri majibu 800. Akiingia, mtihani wenyewe unabadilika kadiri anavyojibu: akipata, linalofuata ni gumu zaidi, na alama inakwenda na ugumu wa yale aliyopata. Kukariri kunakuvusha kwenye mepesi tu, yakija ya kuunganisha mambo mawili unabaki mikono mitupu. Halafu kusambaza maswali ya mtihani ni kosa la kukufutia cheti. Mtu wa damu tunamwamini na uhai wa mgonjwa, asianze safari yake kwa wizi.

#15 Binti_wa_Kondoa
Mzee shikamoo. Hilo la mafaili ni kweli kabisa, ila kwa mwenzangu sikubali. Hakuwa na faili lolote, alisoma vitabu.

#16 Mzee_wa_Mpwapwa
Marahaba mjukuu. Basi wako ni lugha, nakubali. Wengine ni mafaili.

#17 Zamu_ya_Usiku
Mimi nilipata 391, kwa hiyo naongea nikiwa ndani ya kundi linalojadiliwa. Kwangu haikuwa vifaa wala lugha. Ilikuwa muda na akili ya mtihani. Huwezi kuruka swali, lazima ujibu ndipo uone linalofuata. Unaweza kulitia alama ukarudi mwishoni. Maswali yalipozidi kuwa magumu nikajua naanguka, kumbe ugumu ule ni dalili nzuri. Nikaanza kukaa dakika nne kwenye swali moja, na ya mwisho nikayajibu mbiombio. Kesho yake nikaingia zamu. Nimejisajili tena.

#18 Mama_Plazma
Zamu ya Usiku, pole mwanangu, na hongera kwa kurudi. 391 si mbali.

#19 Tekinolojisti_Singida
Kumbe #17 ana jambo. Lakini swali linabaki palepale, kwa nini magumu yalimchukua dakika nne? Kama angekuwa na mazoea ya taratibu zao, lingekuwa la dakika moja. Bado nasimama kwenye hoja yangu.

#20 Fundi_Tyubu
Na mimi kwenye yangu ya vifaa. Niwape kisa. Kuna mgonjwa wa selimundu alikuja kwetu, dada wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameongezewa damu kwenye hospitali nyingine kama wiki moja nyuma. Macho ya njano, mkojo mweusi, himoglobini iko chini kuliko kabla ya kuongezewa. Daktari anaandika malaria, anaandika tena damu. Krosimachi ya kuzungusha papo kwa papo kwenye joto la chumba ilikuwa safi, hakuna kilichoganda. Bahati tulikuwa na chupa ya AHG, kitendanishi kinachofichua kingamwili iliyoshika seli. Nikafanya DAT, kipimo cha kuona kama seli zilizo mwilini mwa mgonjwa zimeshikwa na kingamwili, nikainua tyubu kwenye mwanga wa dirisha nikaitikisa polepole: chenga ndogondogo kama za mchele zinaelea katikati ya seli zilizo huru. Mchanganyiko. Seli zake hazina kitu, seli za mchangiaji zimevaa kingamwili. Tukasimamisha mfuko uliokuwa umeombwa, sampuli ikapelekwa kanda, jibu likarudi anti-Jka.

Ukiona tyubu ile mara moja, huhitaji kitabu kukueleza damu kuharibiwa kwa kuchelewa. Ndiyo maana nasema vifaa. Na ukitaka kuthibitisha Kidd, kundi la Jka na Jkb, unatumia vimeng'enya, fisini au papeini, vinaua Kidd na Duffy, unaona majibu yanapotea.

#21 Daktari_wa_Sampuli
Fundi, kazi nzuri sana, huyo dada ulimwokoa. Ila sentensi ya mwisho itakukosesha alama. Fisini na papeini huharibu Duffy, M, N na S. Kidd HAIHARIBIWI, inaimarika pamoja na Rh, Lewis na P1. Kwa hiyo anti-Jka dhaifu ukiweka vimeng'enya anapanda. Duffy na Kidd mara nyingi wanawekwa kwenye swali moja makusudi, huyu anapotea, huyu anapanda.

Na kuhusu Kidd kuna jambo la pili: kingamwili yake hushuka haraka ikawa haionekani kwenye seramu. Dada huyo akienda mkoa mwingine miezi kadhaa baadaye, skrini itakuwa safi. Mlimwandikia kadi?

#22 Fundi_Tyubu
Nashukuru kwa marekebisho, nimeandika kwenye daftari. Kadi tulimwandikia kwa mkono, "Ana anti-Jka, apewe damu isiyo na Jka", tukapiga muhuri, tukamwambia atembee nayo kama anavyotembea na kitambulisho cha NIDA.

#23 Mama_Plazma
Hiyo kadi ni bora kuliko alama 500. Hospitali zote zingekuwa zinafanya hivyo.

#24 Mchangiaji_OPozitivu
Samahani wataalamu, mimi si wa maabara, nachangia tu damu. Cheti hicho cha Marekani kinamsaidia nini mgonjwa wa Chamwino? Si tungejadili kwanza damu ipatikane? Shule zikifungwa, ndugu tunaambiwa tulete watu wa kuchangia.

#25 Tekinolojisti_Singida
Swali zuri. Kweli, wanafunzi wa sekondari na vyuo wanabeba sehemu kubwa ya uchangiaji, likizo ikifika akiba inashuka. Ila damu kupatikana ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni damu ile imfae mgonjwa yule. Dada wa #20 alipewa damu, kundi lake sahihi, imepimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, na bado ilimdhuru.

#26 Mzee_wa_Mpwapwa
Na wewe Mchangiaji, usiache. Kama una miaka 18 hadi 65 na kilo 50 kwenda juu, miezi mitatu ikitimia rudi. Tarehe 14 Juni dunia nzima inawashukuru watu kama wewe. Ni siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, aliyegundua makundi ya A, B, AB na O mwaka 1901.

#27 Kijana_wa_UDOM
Mzee, kwa heshima zote: Landsteiner mwaka 1901 alitoa A, B na ile tunayoiita O leo. AB ilielezwa mwaka uliofuata na Decastello na Sturli. Swali la historia hilo.

#28 Mzee_wa_Mpwapwa
Umenishika kijana. Zabibu zikiiva njoo Mpwapwa uchukue ndoo yako.

#29 Binti_wa_Kondoa
Na sisi tuliokaa kimya hatupati zabibu? 😂

Jamani kabla uzi haujahamia shambani, nisaidieni hesabu. Mama Rh hasi amejifungua mtoto Rh chanya, Kleihauer-Betke, kipimo cha damu ya mtoto iliyoingia kwa mama, imetoa asilimia 1.3. Chupa za anti-D za mikrogramu 300, sindano ya kumkinga mama asitengeneze kingamwili, ni ngapi? Mimi napata 2, kitabu kinasema 3.

#30 Zamu_ya_Usiku
Ni 2 dada. 1.3 × 50 = mililita 65 za damu ya mtoto. Chupa moja inafunika mililita 30. 65 gawanya kwa 30 ni 2.17. Unashusha, 2.

#31 Mama_Plazma
Kitabu kiko sawa. Hesabu ya Zamu ni nzuri mpaka hatua ya mwisho. 2.17 unashusha kuwa 2, KISHA unaongeza 1, kwa kuwa kipimo chenyewe si sahihi kwa asilimia mia na hatutaki mama abaki bila kinga ya kutosha. Chupa 3. Desimali ikiwa 0.5 au zaidi unapandisha kwanza, halafu bado unaongeza 1. Ingekuwa 2.6, jibu ni 4. Hapa ndipo hoja ya lugha na hoja ya kukariri zinapokutana: anayeelewa kwa nini tunaongeza moja hasahau.

#32 Zamu_ya_Usiku
Daah. Hilo swali nililikuta. Asante Mama.

#33 Tekinolojisti_Singida
Na ni utaratibu wao tena. Naendelea kuhesabu pointi zangu 😀

#34 Daktari_wa_Sampuli
Tekinolojisti nakupa nyingine basi. Mgonjwa wa saratani ya mailoma anayetumia daratumumab: skrini yote inajibu, paneli yote inajibu, DAT huenda ni hasi. Dawa inashika CD38, protini iliyopo kwenye seli nyekundu. Unatibu seli za kipimo kwa kemikali ya DTT, dawa haishiki tena. Lakini DTT inaharibu pia antijeni za Kell, kundi lenye K, kwa hiyo huwezi kumtoa anti-K kwenye orodha, unampa damu isiyo na K. Wangapi humu wamekutana na mgonjwa huyo kazini?

#35 Fundi_Tyubu
Mimi hata jina la dawa nimelisoma hapa mara ya kwanza.

#36 Mpimaji_Nkuhungu
Wakuu, nimefuatilia mwanzo mwisho nikiwa na kalamu. Ninachofanya: kaunta buku ya Mama Plazma naanza leo. Ukurasa wa kushoto utaratibu wa hapa, wa kulia wa kwao, ushauri wa #7. Mazoezi nitafanya kwa saa, dakika moja na nusu, na maswali nitayasoma kwa sauti kwa Kiingereza. Cheti kikipatikana kinadumu miaka 3 kisha kuna masharti ya kukiendeleza, kwa hiyo madaftari sitayatupa.

Kwa jamaa yangu bado sijui nimwambie ni lipi kati ya haya. Amesoma uzi huu jana, anasema ni la Zamu ya Usiku. Mke wake anasema ni uchovu tu.

#37 Mama_Plazma
Mke wake msimpuuze. Mtu anayelala saa nne kwa siku hata paneli ya anti-D itamshinda.

#38 Fundi_Tyubu
Napendekeza tuwe na paneli moja kila Jumamosi humuhumu. Mama anapandisha picha ya ukurasa wake, sisi tunakata kwa penseli, anayejibu lazima aeleze alimkata nani kwa seli namba ngapi. Majibu matupu hayapokelewi.

#39 Mama_Plazma
Nakubali. Ya kwanza ina kingamwili mbili na seli za kuongeza hazipo. Naipandisha Jumamosi saa mbili usiku, ili wa zamu ya mchana wawe wamefika nyumbani.

#40 Nesi_Itigi
Mimi nesi, siyo maabara. Naruhusiwa? Ndiye ninayetundika mfuko, nataka kujua mnaangalia nini huko.

#41 Daktari_wa_Sampuli
Wewe ndiye wa kwanza kukaribishwa. Dakika 15 za mwanzo za kila mfuko ziko mikononi mwako.